Nowitzki hakuwa laini: jibu kwa kijana anayecheza namba nne

SWALI: Shikamoo kocha. Nina miaka 18, urefu wangu ni mita 2.01, nacheza namba nne (mshambuliaji mrefu wa karibu na ringi) kwenye timu ya kikapu ya mtaa hapa Mwanza. Siku hizi naangalia sana video za Dirk Nowitzki, yule Mjerumani wa Dallas Mavericks, klabu ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, aliyestaafu. Wenzangu wananiambia alikuwa mchezaji laini, alibebwa na urefu, na ubingwa wa 2011 ulikuwa bahati tu. Nabishana nao lakini hoja zinaniishia. Nini hasa kilibadilika kwake kati ya 2007, alipotolewa raundi ya kwanza, na 2011, alipokuwa bingwa? Pia kocha wetu amenikataza kurusha kwa mguu mmoja kama yeye. Je, yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nitaanza na jibu lenyewe kisha nilifafanue, ili ukirudi kijiweni uwe na mechi za kuwatajia.

Moyo wa Nowitzki haukubadilika kati ya 2007 na 2011. Vilivyobadilika ni viwili: mahali alipokuwa akipokelea mpira uwanjani, na watu waliokuwa wakicheza pembeni yake. Wanaosema alikuwa laini halafu ghafla akawa jasiri hawajaangalia mechi za 2006. Tuanzie huko.

Mwaka 2006 Dallas walikutana na San Antonio Spurs, mabingwa watetezi, na mfululizo, ambao anayeshinda mechi nne kwanza ndiye anayepita, ukafika mechi ya saba, ugenini. Zikiwa zimebaki sekunde ishirini na kidogo, Dallas wako nyuma kwa pointi tatu. Kila mtu alitegemea warushe kutoka mbali. Nowitzki akachukua mpira, akaingia nao mwenyewe hadi chini ya ringi, akafunga huku Manu Ginóbili akimchezea rafu, kisha akaongeza mtupo huru, ule wa pointi moja anaopewa aliyechezewa rafu. Matokeo yakawa sare, na kwenye muda wa ziada Dallas wakashinda 119 kwa 111. Alimaliza na pointi 37 na rebaundi 15, yaani mipira aliyoidaka baada ya mrusho kukosa. Raundi iliyofuata, katika mechi ya tano, aliwafunga Phoenix Suns pointi 50, na upande wa pili alikuwepo rafiki yake wa karibu Steve Nash. Huyo ndiye wanayemwita laini.

Kilichowapa watu neno hilo ni fainali ya mwaka huo huo. Dallas waliongoza mechi mbili kwa bila dhidi ya Miami Heat. Mechi ya tatu waliongoza kwa pointi 13 zikiwa zimebaki kama dakika sita, wakapoteza 98 kwa 96, na sekunde chache kabla ya mwisho Nowitzki alipata mitupo huru miwili ya kusawazisha, akafunga mmoja akakosa mmoja. Baada ya hapo nyota wao Dwyane Wade aliwaka, Miami wakashinda mechi nne mfululizo. Mtupo mmoja uliokosewa na mtu anayefunga karibu tisa katika kila kumi ukageuzwa kuwa hukumu juu ya tabia yake. Nimeona jambo hilo kwenye viwanja vyetu pia: kijana akikosa mara moja mbele ya watu, anapewa jina, na jina linamfuata kuliko takwimu zake.

Halafu ikaja 2007, na hapo nakuomba usome taratibu kwa sababu ndipo kiini cha swali lako kilipo.

Msimu wa 2006/07 Dallas walishinda mechi 67 na kupoteza 15. Nowitzki alikuwa na wastani wa pointi 24.6, akawa Mchezaji Bora wa ligi, Mzungu wa kwanza aliyelelewa na mpira wa Ulaya kupata tuzo hiyo. Kwenye mtoano wakapangwa na Golden State Warriors, timu iliyoingia kwa nafasi ya nane, ya mwisho kabisa. Kocha wa Warriors alikuwa Don Nelson, yaani mtu yule yule aliyemleta Nowitzki Dallas na kumfundisha miaka yake ya mwanzo. Alimjua kama mzazi anavyomjua mtoto wake.

Nelson aliona kwamba Nowitzki alikuwa anapokea mpira mbali, pembeni, karibu na mstari wa pointi tatu. Kutoka hapo, ili afike mahali pa hatari, ilibidi adunde mpira mara mbili tatu. Mtu wa mita 2.13 akidunda mpira, mpira unasafiri njia ndefu kutoka mkononi hadi sakafuni. Kwa hiyo Nelson hakumwekea senta, yule mrefu wa kulinda ringi, wa kumkaba. Alimwekea Stephen Jackson na watu wengine wepesi, wafupi kuliko yeye, wenye mikono ya haraka, wakamwingia chini ya kiuno na kumsukuma nje. Akianza kudunda, mwingine anakuja kutoka upande asioutazama. Wastani wake ukashuka chini ya pointi 20 na mirusho ikawa haiingii. Mechi ya sita, kule Oakland, alifunga pointi 8 tu, Dallas wakafungwa 111 kwa 86 na kutolewa. Aliporudi kuelekea chumba cha kubadilishia nguo alirusha pipa la takataka ukutani kwa hasira, na tundu lililobaki kwenye ukuta huo halikuzibwa kwa miaka. Siku chache baadaye ilibidi avae suti, asimame mbele ya kamera, apokee tuzo ya Mchezaji Bora huku timu yake ikiwa imeshatolewa.

Sasa jiulize kama fundi wa mchezo: tatizo lilikuwa woga? Mtu mwoga hafanyi yale ya San Antonio. Tatizo lilikuwa la kimahali na la kiufundi, na likatibiwa kwa ufundi.

Baada ya aibu ile aliondoka kwenda Australia kwa wiki kadhaa, akizunguka maporini na mwalimu wake, Holger Geschwindner. Bila kumwelewa huyu mzee huwezi kumwelewa Nowitzki, kwa hiyo niruhusu nikurudishe nyuma kidogo.

Nowitzki alizaliwa Würzburg, Bavaria, tarehe 19 Juni 1978. Mama yake Helga alichezea timu ya taifa ya kikapu ya Ujerumani, baba yake alicheza mpira wa mikono, dada yake naye alikuwa mwanamichezo. Yeye mwenyewe alianza na mpira wa mikono na tenisi, kikapu kikaja alipokuwa na miaka kama 13. Kwa hiyo wewe uliyechelewa kidogo usijione umeachwa na gari. Akiwa na miaka kama 16, Geschwindner alimwona kwenye ukumbi mmoja huko Schweinfurt akamuuliza nani anamfundisha. Geschwindner aliwahi kuwa nahodha wa Ujerumani kwenye Olimpiki ya Munich 1972, na alisomea hisabati na fizikia. Alijitolea kumfundisha bure. Kabla ya kuanza aliweka mbele ya familia swali moja: kijana anataka kuwa bora Ujerumani, au bora duniani? Kama ni Ujerumani, hakuna haja ya kuhangaika, atafika tu. Kama ni duniani, basi ni mazoezi kila siku kuanzia sasa. Nowitzki akafikiri siku chache, akachagua dunia.

Mazoezi yalifanyika kwenye ukumbi mdogo wa kijijini, Rattelsdorf, karibu na Bamberg. Geschwindner alimfanyisha pushapu kwa ncha za vidole, hatua za wapigana upanga ili ajue kukaa chini na kusogea kwa mizani, kupiga makasia, kutembea kwa mikono. Alimpa vitabu asome na saksofoni ajifunze, kwa sababu aliamini mchezaji anahitaji mdundo mwilini na kichwa kinachofanya kazi. Na alikaa chini akapiga hesabu za mrusho wake.

Hesabu zenyewe unaweza kuzifanya kwenye karatasi. Ringi ina upana wa sentimita 45, mpira una kama 24. Mpira ukija umelala, tuseme kwa nyuzi 30, ule uwazi wa ringi kwa upande wake unakuwa sentimita 22.5, yaani mdogo kuliko mpira wenyewe, lazima ugonge chuma. Ukija kwa nyuzi 45 uwazi unakuwa karibu 32. Ukishuka kwa nyuzi 60 unakuwa 39. Geschwindner akamjengea kijana wake mrusho wa kupanda juu sana, nyuzi 60 hivi, ambao hata mkono ukitikisika kidogo bado una nafasi ya kuingia. Ndiyo maana ukiangalia video zake mpira unaonekana kama unakwenda kugusa taa kabla haujashuka.

Machi 1998 akiwa bado mchezaji wa DJK Würzburg, daraja la pili, katikati ya mbio za kupanda daraja, alikwenda San Antonio kucheza na timu ya vijana wa dunia dhidi ya vijana bora wa Marekani. Alifunga pointi 33 na kuchukua rebaundi 14, dunia ikashinda 104 kwa 99. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena yeye ni nani. Juni mwaka huo Milwaukee walimchagua wa 9 kwenye drafti, pale klabu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, na usiku ule ule wakampeleka Dallas kwa kubadilishana na Robert Traylor. Katika mnyororo huo huo wa mabadilishano Dallas wakampata na Steve Nash kutoka Phoenix. Ni moja ya siku zenye faida kubwa zaidi katika historia ya klabu yoyote ya NBA.

Lakini hakuanza vizuri, na jambo hili huwa halisemwi kwa vijana. Mechi yake ya kwanza, Februari 1999 kule Seattle, alirusha mara tano bila kuingiza hata moja, akaondoka na pointi 2 za mitupo huru. Seattle hiyo ilikuwa na Detlef Schrempf, Mjerumani aliyetangulia kwenye ligi hiyo. Msimu mzima alimaliza na wastani wa pointi 8.2. Nelson alikuwa ametangaza kwamba kijana wake atakuwa mchezaji chipukizi wa mwaka, mzigo mzito kwa mgeni wa miaka 20. Kilichomwokoa ni kwamba kila usiku yeye na Nash, ambaye naye wakati huo alizomewa na mashabiki wa Dallas, walirudi ukumbini kurusha. Msimu wa pili akapanda hadi 17.5, wa tatu 21.8. Na Nelson alimruhusu kitu ambacho makocha wengi wa wakati ule wangemkataza: mtu wa mita 2.13 kusimama mbali na ringi na kurusha pointi tatu. Leo kila timu ina mtu wa namna hiyo. Wakati ule warefu walitakiwa kukaa chini ya ringi na kusukumana.

Sasa turudi kwenye dawa ya ugonjwa wa 2007.

Nenda uwanjani kwenu, simama katikati ya mstari wa mitupo huru, geukia ringi. Uko mita 4.6 kutoka kwenye ubao. Kushoto kwako na kulia kwako nafasi ni sawa. Mkabaji wa pili akija kumsaidia mwenzake, popote atakapotokea utamwona, labda atoke nyuma yako kabisa, na huko anatoka mtu ambaye ameacha mrushaji wazi. Wenzako wote wanne wako umbali wa pasi moja. Sasa hamia pembeni, karibu na mstari wa nje. Mstari ule nao unakukaba, nusu ya uwanja imekufa, na mkabaji wa pili anaweza kukujia kutoka upande wa kisogo. Nowitzki akahamishwa kutoka pembeni akaletwa hapo katikati na kwenye kona za mstari wa mitupo huru. Chini ya kocha Rick Carlisle, aliyechukua timu mwaka 2008, hapo pakawa nyumbani kwake. Mirusho yake ya pointi tatu ikapungua, na kudunda kukapungua. Alipokea, akageuka, akarusha. Stephen Jackson wa 2007 angenyang'anya nini hapo, wakati mpira haugusi sakafu?

Na silaha aliyoikamilisha hapo ndiyo hiyo unayoipenda, mrusho wa mguu mmoja. Tuutazame kwa karibu. Anapokea mpira akiwa amempa mkabaji mgongo au bega. Anatulia. Anapima uzito wa yule mtu umeegemea wapi: akimlalia sana, atamzunguka, akirudi nyuma, atarusha. Kisha anageuka kwa mguu wa kushoto, na huo mguu wa kushoto ndio anaorukia. Goti la kulia linapanda mpaka usawa wa kiuno. Wengi wanadhani goti ni madoido, kumbe lina kazi mbili: linaweka ukuta kati yake na mkabaji, na linabeba mizani wakati kiwiliwili kinaegemea nyuma. Mabega bado yanatazama ringi. Kiwiko kiko chini ya mpira kama siku zote. Mpira unatolewa juu ya kichwa cha mtu wa mita 2.13 ambaye amerudi nyuma karibu hatua nzima, na mkono wa mkabaji unaishia hewani mbele ya kifua chake. Ukiufunika mguu kwenye skrini ukaangalia kutoka kiunoni kwenda juu, utaona ni mtupo huru ule ule. Hapo ndipo siri ilipo, na nitakurudisha kwake tukifika kwa kocha wako.

Msimu wa 2010/11 alifunga asilimia 51.7 ya mirusho yake, kiwango kizuri kuliko misimu yake yote iliyotangulia. Mechi ya kwanza ya fainali ya ukanda wa Magharibi dhidi ya Oklahoma City alifunga pointi 48 kwa kurusha mara 15 tu kwenye mchezo, akiingiza 12, na mitupo huru 24 kati ya 24. Rudia kusoma hiyo namba. Walimbadilishia wakabaji usiku kucha, warefu, wafupi, wenye nguvu, wenye kasi, na yeye aliendelea kupokea pale pale na kurusha vile vile. Nikifundisha wachezaji warefu, hiyo ndiyo mechi ninayowaonyesha kabla ya fainali yenyewe.

Jambo la pili ni watu. Timu ya 2011 haikuwa ya 2007. Jason Kidd alirudi Dallas Februari 2008, mpanga mashambulizi aliyejua mpira ufike kwa Nowitzki sekunde gani. Shawn Marion alikuja 2009, wa kumkabidhi mchezaji hatari wa upande wa pili. Tyson Chandler alikuja Julai 2010, na kwangu yeye ndiye aliyebadilisha kila kitu nyuma: senta wa kweli, anayepiga kelele, anayelinda ringi, hivyo Nowitzki hakuhitaji tena kujibebesha kazi ambayo mwili wake haukuumbiwa. Jason Terry alikuwepo tangu zamani, mfungaji wa robo ya nne, na yeye pia alikuwa na kidonda cha 2006. Waliwafagia Los Angeles Lakers, mabingwa watetezi, mechi nne kwa bila, na ya mwisho iliisha 122 kwa 86.

Fainali ikawa na Miami tena, safari hii ikiwa na LeBron James, Wade na Chris Bosh pamoja. Wenzako wanasema bahati. Waambie hivi. Mechi ya kwanza Dallas walipoteza na Nowitzki akachanika mshipa wa kidole cha kati cha mkono wa kushoto. Mechi ya pili Miami waliongoza 88 kwa 73 zikiwa zimebaki dakika saba na sekunde chache. Dallas wakarudi pointi kwa pointi, Nowitzki akafunga pointi tisa za mwisho za timu yake, na lile kapu la ushindi, zikiwa zimebaki sekunde 3.6, alilifunga kwa kumpita Bosh na kuweka mpira kwa mkono wa kushoto, mkono wenye kidole kilichochanika. Matokeo 95 kwa 93. Mechi ya nne alicheza na homa ya nyuzi 38 na zaidi, akikohoa kwenye benchi na taulo kichwani, Dallas wakashinda 86 kwa 83. Kwenye mfululizo mzima alipiga mitupo huru 46 akakosa mmoja. Huyu ndiye aliyekosa mtupo 2006.

Mechi ya sita, Juni 12, 2011, Miami, ndiyo inayonithibitishia hoja ya watu. Kipindi cha kwanza alirusha mara 12 akaingiza moja. Moja! Miaka mitano nyuma hiyo ingekuwa mechi iliyopotea. Lakini Terry alikuwa anafunga, akamaliza na 27, na kikosi kikamshikilia hadi mkono wake ulipofunguka. Kipindi cha pili akafunga 18. Ikaisha 105 kwa 95. Kabla hata kengele haijalia alivuka meza ya wasimamizi akaingia ndani, kwa sababu hakutaka kulia mbele ya watu, na ilibidi waende kumbembeleza arudi kupokea kombe. Akachaguliwa Mchezaji Bora wa fainali, kwa wastani wa pointi 26.

Kuhusu urefu, sitakaa sana. Alikuwa mrefu, ndiyo. Kwenye NBA warefu wamejaa, na wengi wenye urefu wake waliingia wakatoka bila mtu kukumbuka namba ya jezi yao. Yeye alicheza misimu 21, yote Dallas, rekodi ya ligi kwa mchezaji kubaki klabu moja. Alifunga pointi 31,560, akaitwa kwenye mechi ya nyota mara 14. Timu ya taifa ya Ujerumani aliipa shaba kwenye Kombe la Dunia 2002 na fedha ya Ulaya 2005, akiwa mchezaji bora wa mashindano yote mawili, na mwaka 2008 alibeba bendera ya nchi yake Beijing. Vijana wa Kijerumani waliotwaa Kombe la Dunia mwaka 2023 kule Manila, wakiongozwa na Dennis Schröder, ni kizazi kilichokua kikimwangalia yeye.

Kuna la fedha pia, ambalo hukuniuliza ila linahusu ubishi wenu. Mwaka 2014 klabu nyingine zilikuwa tayari kumlipa karibu dola milioni 97. Akasaini Dallas dola milioni 25 kwa miaka mitatu ili klabu ibaki na nafasi ya kusajili wengine. Sioni ajabu nikikumbuka kwamba kila kiangazi, tajiri na maarufu, alikuwa anarudi kwenye ukumbi ule ule wa Rattelsdorf kwa mwalimu yule yule. Ni mtu wa kukaa na kitu mpaka kimalizike. Na kwa wasomaji wa Kenya, yeye ni shemeji yenu kweli: mke wake, Jessica Olsson, ni Mswidi ambaye mama yake ni Mkenya, dada wa wale pacha Martin na Marcus Olsson waliocheza soka Blackburn.

Mwili ulimdai mwishoni. Alifanyiwa upasuaji wa goti 2012, wa kifundo cha mguu 2018, na misimu ya mwisho alikuwa anakimbia kwa shida. Hata hivyo mechi yake ya mwisho nyumbani, Aprili 9, 2019, alifunga 30, na kesho yake San Antonio akamaliza na pointi 20 na rebaundi 10. Miguu ilikuwa imekwisha, mrusho ulikuwa mzima. Agosti 2023 akaingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa kikapu pale Springfield, na nje ya uwanja wa Dallas kuna sanamu yake akiwa hewani, goti juu.

Sasa kocha wako. Yuko sahihi, kwa leo. Nowitzki hakuanza na mguu mmoja. Alianza na miguu miwili, kiwiko chini ya mpira, pembe ya juu, maelfu ya marudio, na alikuwa mtu mzima wa karibu miaka 30 mguu mmoja ulipokuwa chakula chake cha kila siku. Kijana anayeanza na goti anajifunza kuanguka nyuma, mabega yanapinda, na mrusho wake wa kawaida unaharibika kwa sababu mwili umezoea kukimbia mpira. Wewe pia ni mfupi kwake kwa sentimita 12, kwa hiyo utahitaji usahihi zaidi yake.

Fanya hivi. Mrushie kocha mitupo huru mwisho wa mazoezi, ukiwa umechoka, kumi kwa kumi. Ukiwa unafunga nane kila mara, mwombe akufundishe kupokea kwenye kona ya mstari wa mitupo huru ukiwa umempa mtu mgongo, kugeuka pande zote mbili bila kudunda, na kurusha kwa miguu miwili. Jifunze kumpasia aliye wazi kutoka hapo hapo, maana wakabaji wakijua hupasi watakujaa. Ukishaona mtu anakukaba kwa kukulalia na bado mabega yako yanabaki yametazama ringi, ndipo uanze kuinua goti, kwanza bila mkabaji, karibu na ringi, mita mbili tu, kisha rudi nyuma kidogo kidogo. Ukikosa mara tatu mfululizo kwa upande mmoja wa kushoto au kulia, simama: mizani imepotea, rudi kwenye miguu miwili.

Nitumie video ukiwa tayari, ila irekodiwe kutoka ubavuni, upande wa mkono unaorusha, ili nione kiwiko na goti kwa pamoja.